Fundi Hakukosea

Watu walimwita Bi Futi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwa sababu hakuwahi kuchora nyumba ya mtu kabla hajampima mwenye nyumba. Hakisemwi kiwanja hapa, anasemwa mtu. Ukimwendea ukitaka kujengewa, alikusimamisha katikati ya chumba chake cha kazi, akachomoa futi ya chuma kiunoni, akakuambia jifanye unaosha sufuria. Jifanye unavaa viatu. Haya keti, jifanye unamngoja mtu aliyechelewa. Wengine waliona haya, wengine walicheka mpaka machozi, na bwana mmoja mwenye kitambi aliaga kwa adabu na hakuonekana tena. Waliovumilia waliishia kuwa na nyumba ambazo swichi ya taa iko pale pale mkono unapoangukia, na ngazi hazimwombi mtu magoti yake.

Alijenga nyumba moja kwa mwaka, mara chache mbili. Lipu alipiga mwenyewe, sakafu aliisugua akiwa amepiga magoti kama anayetafuta sindano, na mbao alimwachia seremala wake, bwana mmoja mwembamba aliyejulikana kwa jina la Randa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa na hawakuwahi kugombana ila kuhusu bawaba.

Kwa mama yao walizaliwa wawili tu, Bi Futi na mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa amepita miaka thelathini alipoolewa, akaolewa na fundi wa mafriji, mtu mpole wa maneno machache, na siku walipopata kiwanja hakukuwa na mjadala ni nani atakayewajengea.

"Nipime," mdogo mtu alisema, akavua viatu, akajinyoosha ukutani.

"Futi nne na inchi kumi na moja."

"Futi tano."

"Kumi na moja, mdogo wangu. Shusha visigino."

"Hiyo futi yako ina chuki na mimi tangu zamani."

Maisha yake yote mdogo mtu alikuwa amepika juu ya kigoda. Majiko ya watu yalimfika kifuani. Akikata kitunguu, mabega yalimpanda masikioni. "Mara hii, dada," alisema, "nataka jiko linishukie mimi, nimechoka kulipandia." Basi Bi Futi akampima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akatoa vidole vinne, akaandika katika daftari: meza ya jikoni, inchi thelathini na mbili. Wakaimwaga meza ya zege pamoja na sinki lake, kipande kimoja, kutoka ukuta hadi ukuta. Na kwa kuwa mdogo mtu alikuwa na nyonga za kutosha na hakuna kona ya meza duniani ambayo hakuwahi kujigonga nayo, akaomba kona ya mviringo. Siku kumi na moja Bi Futi aliichonga na kuisugua kona ile kwa jiwe na maji. Mdogo wake alikuja kila alasiri, akaipitisha nyonga, akasema, "Bado kidogo," akaenda zake.

Nyumba ikiwa na paa, madirisha na jiko, mdogo mtu akaanza kuumwa. Ilianza kama homa, baadaye ikawa damu, kisha madaktari wakaacha kuutaja ugonjwa kwa jina mbele ya watu. Wiki ya sita akafariki.

Bi Futi hakulia. Hakulia hospitalini, hakulia makaburini, hakulia siku watu walipokunja mikeka na kurudi makwao. Mama yake alimtazama mbele ya wageni akasema, "Huyu mwanangu ana moyo wa zege," na wageni wakainamisha vichwa. Lakini si kwamba alikuwa akijizuia. Alipatafuta mahali palipouma, akapakosa. Alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, anajigusa shavu na kuona ameshika shavu la jirani. Ganzi tupu. Akajua tu kwamba sindano itakwisha nguvu siku moja, akangoja, na haikuisha. Akaenda kujenga nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, kuta zikanyooka, milango ikafunga vizuri. Akajenga banda la kuku la jirani. Alikula chakula kilipowekwa mbele yake, akalala saa za kulala zilipofika.

Ile nyumba ya mdogo wake ilifungwa kwa kufuli na minyororo, ikakaa miezi kumi na minne.

Kisha shemeji akapiga simu. "Shemeji, hujambo. Nataka kumalizia nyumba."

"Sawa."

"Nimeoa, shemeji. Nilitaka usikie kutoka kwangu."

"Hongera," akasema Bi Futi, na akauliza kama paa lilivuja wakati wa mvua.

Habari ilipomfikia mama mtu, nyumba haikukalika. Alimwita binti yake, hakumkaribisha kiti. "Nasikia utakwenda kumtengenezea jiko."

"Nakwenda kumaliza kazi niliyoianza, mama."

"Mwache atafute fundi mwingine! Mafundi wameisha?"

"Fundi mwingine atabomoa nisichotaka kibomolewe."

"Na wewe unataka nini? Niambie hata kimoja unachokitaka, nikusikie."

Bi Futi alifikiri kwa dhati, kwa kuwa swali lilikuwa la haki, na alikuwa bado akilitafuta jibu. Mama yake akamgeuzia mgongo. Toka siku hiyo simu za mwanawe akawa hazipokei.

Mke mpya alikuja kwenye nyumba asubuhi ya Jumatatu, peke yake, kwa miguu. Alitoka mji mwingine, alifundisha michezo shuleni, na alikuwa mrefu. Aliinama mlangoni kwa mazoea tu, kwani mlango ulimtosha. Alisalimia vizuri. Alimwita Bi Futi "fundi", akamwita Randa "kaka", akauliza kama anaweza kuvua viatu, sakafu ikiwa bado ni vumbi. Ilikuwa vigumu kumchukia, na Bi Futi hakujaribu.

"Nyumba ni nzuri," mgeni alisema walipofika jikoni. "Kuna hili tu." Akasimama mbele ya meza, akajifanya anaosha chombo, bila hata kuambiwa. Ilimbidi akunjike kama mwavuli. "Mume wangu ameshanieleza. Alisema fundi alikosea vipimo. Lakini mimi sikulaumu, fundi. Binadamu hukosea."

Randa, aliyekuwa akikagua fremu ya dirisha, aliacha kukagua. Miaka kumi na tisa hakuwahi kusikia mtu akisema maneno hayo. Alimtazama Bi Futi akingoja mvua ya mawe. Bi Futi alikuwa amekwisha kuchomoa futi.

"Shusha mabega," akasema. "Kunja kiwiko. Hivyo hivyo."

Alipiga goti, akaukanyaga mwanzo wa futi kwa kidole gumba cha mguu, akaivuta hadi kwenye kiwiko cha mke mpya wa shemeji yake. Kilikuwa kiwiko kikavu, chenye kovu dogo la kuanguka uwanjani. Akatoa vidole vinne. "Thelathini na tisa."

"Huwezi kuongezea juu tu?"

"Zege jipya juu ya zege kuukuu halishikani vizuri. Na sinki litabaki shimoni. Itavunjwa yote."

Akaandika. Katika daftari hilo hilo, kurasa chache nyuma, ilikuwapo thelathini na mbili, hakufunua.

Mgeni alipoondoka, Randa hakuvumilia. "Bi Futi, umekosea wewe?"

"Hapana."

"Basi kwa nini umeyameza?"

"Kulikuwa na haja gani? Meza ni fupi kwake. Aliyekosea ni nani, hilo halirefushi meza."

"Sisi wengine tungetapika," akasema Randa.

Waliianza kazi ya kuvunja Jumatano. Zege la Bi Futi lilikuwa zege kweli. Nondo zilikaa karibu karibu, na nyundo ilidunda kama imepiga mpira. Bi Futi alishika tindo mwenyewe, akaanzia upande wa sinki. Alivunja kwa utaratibu, kipande baada ya kipande, vifusi akivipanga pembeni kwa ukubwa kana kwamba vitahitajika. Mikono ilijua kazi, na kichwa kilikuwa mahali fulani kikihesabu mifuko ya mchanga.

Saa nne hivi mke mpya akaja na chupa ya chai. Aliwamiminia, akaketi kwenye ngazi ya Randa, akaangalia. Muda ukapita. Kisha akainuka, akaenda kwenye ile kona ya mviringo iliyokuwa bado haijaguswa, akaipapasa. Akaipapasa tena, taratibu, mpaka chini.

"Fundi, nisamehe nikikuuliza."

"Uliza."

"Nimeipapasa kona hii mara tatu. Hakuna mahali vidole vinakwama. Mtu anayefanya kona hivi, anakoseaje vipimo vya meza nzima?"

Bi Futi aliweka tindo chini. Angeweza kusema lolote. Uongo ulikuwa umekwisha tengenezwa na mtu mwingine, yeye kazi yake ilikuwa kuuacha ukae. Lakini swali lilikuwa swali la kazi, na maswali ya kazi aliyajibu siku zote.

"Sikukosea," akasema. "Ilikuwa sawasawa kwa mtu niliyempimia."

"Mtu gani?"

"Mdogo wangu. Mke wa kwanza wa mumeo."

Randa alikohoa ingawa hakuwa na kikohozi, akatoka nje kwenda kutazama mbao ambazo alikwisha kuzitazama asubuhi.

Mke mpya alibaki na mkono juu ya kona. "Aliniambia alianza kujenga baada ya msiba. Aliniambia wewe ni fundi tu."

"Mimi ni fundi."

"Nami nimekuja kukuambia binadamu hukosea." Alisema hivyo kwa sauti ndogo. "Acha. Acha kuvunja, tafadhali."

"Imeshapasuka nusu. Na hata isingepasuka. Utapika umejikunja miaka thelathini, upate mgongo, kwa faida ya nani? Yeye hapiki tena."

Alilisema neno hilo jinsi anavyosema saruji imekauka. Mke mpya alimtazama kwa hofu kidogo, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka. Chupa ya chai aliisahau.

Siku ya pili yake akaja shemeji mtu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuja na sauti. "Amekwenda kwao! Amebeba begi, amekwenda! Shemeji, umenivunjia nyumba!"

"Mimi navunja meza tu," akasema Bi Futi.

"Ungeshindwa nini kunyamaza?"

"Nilinyamaza Jumatatu. Jumatano aliniuliza."

"Sikutaka ajione yumo ndani ya nyumba ya mtu. Nilitaka aingie mahali papya. Ni kosa hilo?" Akazungusha macho jikoni, akaona vifusi vimepangwa kwa ukubwa, akaona nondo zimebaki wima kama mbavu. Akajishika kwenye fremu ya mlango, akalia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, kama anayetapika.

Bi Futi alisimama na kumwangalia. Alijua inavyopasa: umwendee mtu, umshike bega, umwambie pole. Akamwendea, akamshika bega, akamwambia pole. Bega lilikuwa la moto. Alingoja kuona kama kwikwi zile zitamvuta na yeye, kama miayo inavyovuta mtu, lakini hakuna kilichokuja. Aligundua kwamba fremu ya mlango ilicheza kidogo pale alipoiegemea shemeji, akatia akilini amwambie Randa.

"Ulisema nilikosea," akamwambia alipotulia. Hakusema kwa hasira. Alitaka tu neno hilo lisibaki sakafuni bila kuokotwa.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimesikia. Nenda ukamfuate mkeo. Mwambie ukweli wote, usimgawie vipande."

Kama alimfuata au alipiga simu, hayo ni yao. Siku ya sita mke mpya alirudi, begi begani, macho yamevimba, akaja moja kwa moja kwenye nyumba kabla ya kwenda kwa mumewe.

"Dada," akasema. Hakusema fundi. "Nataka unitembeze. Nionyeshe kila kitu kilichopimwa kwa mwili wake. Halafu nitaamua mimi."

Basi Bi Futi akachukua daftari, akamtembeza. Alimsomea kama anavyosoma karani. Dirisha la sebuleni limeshushwa, ili akiwa ameketi aone geti. Rafu za chumbani zinaishia hapa, mkono wake ulikoma hapa. Kioo cha bafuni. Kitasa cha mlango wa nyuma, kiko chini kwa sababu alikuwa akifungua kwa kiwiko, mikono ikiwa imebeba vitu. Mke mpya alisimama kila mahali, akainama, akaketi, akanyoosha mkono. Kioo kipandishwe, alisema. Rafu ziongezwe mbili juu, zile za chini zibaki, hata mimi nina viatu. Alipoketi dirishani alikaa muda mrefu.

"Hili liache," akasema. "Nisije nikakudanganya kwamba ni kwa ajili yake. Nimelipenda mwenyewe."

"Sawa."

"Na ile kona. Imekwisha vunjwa?"

"Jana."

"Utaniwekea nyingine kama ile kwenye meza mpya? Na mimi nina nyonga, ingawa ziko juu kidogo."

Randa akacheka kule nje, kumbe alikuwa amesimama nyuma ya ukuta akisikiliza kila neno.

Meza mpya ikamwagwa, inchi thelathini na tisa. Ilipokauka ya kutosha, Bi Futi akaketi mbele ya kona na jiwe lake na ndoo ya maji. Siku ya kwanza alisugua. Ya pili alisugua. Rojo la kijivu lilimtiririkia mpaka kwenye viwiko. Siku ya saba, jua likiwa la saa nane, jiwe likamponyoka, likamchuna kifundo cha kidole, na kidonda kikaingia maji ya saruji.

"Mjinga wewe!" akasema.

Randa akageuka. "Mimi?"

"Si wewe. Yeye! Siku kumi na moja alinikalisha hapa! Kumi na moja! 'Bado kidogo, dada. Bado kidogo.' Kona ilikuwa tayari siku ya tano, najua ilikuwa tayari, na yeye alijua! Alikuwa anakuja kunichezea tu. Anakuja anajitikisa hapa, anasema bado, anaondoka anacheka mpaka getini. Hakupika hata chai kwenye meza ile! Hata chai!" Sauti ilimpanda, ikagonga dari isiyo na rangi. Alilitupa jiwe kwenye ndoo, maji yakaruka hadi ukutani. "Kwa nini hakusema mapema anaumwa? Alijua. Mtu anajua mwili wake. Mimi nampima kiwiko, yeye amenyamaza, anabishana na futi!"

Randa aliweka msumeno chini. Alimjua bosi wake; hakumsogelea. Akasema tu, "Alikuwa mbishi kweli yule."

"Mbishi kupindukia!"

"Mimi aliniambia milango yangu inanung'unika."

"Ilikuwa inanung'unika," Bi Futi akasema, akinyonya kidole chake. Kifua kilimpanda na kushuka. Alikuwa amekasirika, hasira ya kweli, ya moto, yenye mwenyewe. Ilidumu kama robo saa hivi. Kisha ikatulia, na ganzi ikarudi mahali pake. Akaosha kidole, akafunga kitambaa, akalitoa jiwe ndani ya ndoo.

Kona ilichukua siku tisa. Mke mpya alikuja, akaipitisha nyonga mara moja, akasema imekaa vizuri.

Walihamia mwishoni mwa mwezi uliofuata. Bi Futi hakwenda kwenye sherehe ndogo waliyofanya. Alikuwa kwenye kiwanja kingine akimpima mzee mmoja na mkewe waliokuwa hawakubaliani kuhusu urefu wa kitanda. Shemeji alimtumia picha. Jiko lilikuwa na masufuria juu ya meza, na mtu mrefu amesimama wima.

Mke mpya hakuishia hapo. Bila kumwambia mtu, alipanga safari ya kwenda kwa mama yake Bi Futi. Bi Futi alilijua hilo kwa njia ya simu, na aliyepiga alikuwa mama mwenyewe, baada ya miezi mitano ya kimya.

"Yule mwanamke alikuja kwangu," mama akasema, bila salamu.

"Yupi, mama?"

"Usijifanye. Yule twiga. Nilimwacha mlangoni nikaendelea kufagia, nikidhani ataondoka. Hakuondoka. Akachukua ufagio mwingine."

"Alisema nini?"

"Anaongea sana. Aliniuliza mwanangu alipenda kupika nini." Kisha akaongeza, "Kesho njoo uniangalizie bomba la jikoni. Linavuja."

Bi Futi alikwenda asubuhi na mapema na mkoba wa vifaa. Bomba lilikuwa linavuja kweli. Mpira wa ndani ulikuwa umelika. Alifunga maji, akafungua bomba, akabadilisha mpira, mama yake akiwa amesimama pembeni ameshika spana ambayo hakuna aliyemwomba aishike. Maji yalipofunguliwa tena, bomba likatulia.

Mama akarudisha spana mkobani, akajishika kwenye ukingo wa sinki, akaanza kulia kimyakimya, mabega tu yakitikisika. Bi Futi akajifuta mikono. Alipatafuta tena mahali pale ndani yake, akakuta pamefunikwa bado, ingawa safari hii alihisi kuna uzito chini. Akavuta kigoda, akamketisha mama yake, akavuta kingine, akaketi karibu naye, magoti yao yakagusana. Wakakaa hivyo. Jirani alipobisha hodi akitaka kuazima ngazi, Bi Futi aliinuka akampa, akarudi akaketi.